Mstari wa EMM386: lini kuugusa, lini kuuacha. Utatuzi wa matatizo ya kumbukumbu ya juu kwenye mashine za DOS

Hapa Lubumbashi DOS, ule mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta kwa amri za kuandika, haijastaafu. Iko kwenye vibanda vya mizani ya malori upande wa barabara ya Likasi, kwenye maabara ndogo zinazopima sampuli za shaba na kobalti, na kwenye maduka ya vipuri ambako stoo nzima imo ndani ya programu ya Clipper iliyonunuliwa mara moja miaka ya 1990. Simu zinazoingia zinafanana: “Chefu, mashini inasema memori haitoshi, na si ina MB 16?” Anayepiga kwa kawaida ameshasoma mahali kwamba dawa ni kubadilisha mstari wa EMM386, msimamizi wa kumbukumbu anayepakiwa kutoka faili la mipangilio la CONFIG.SYS. Anachotaka ni kuambiwa aandike nini.

Msimamo wangu nauweka mbele: mstari huo uguswe mwisho, baada ya mengine yote. Mashine nyingi zinazofanya kazi moja tu hazimhitaji EMM386 hata kidogo, zinatosheka na HIMEM (dereva wa kumbukumbu iliyo juu ya MB 1) na DOS=HIGH (mstari unaoihamishia DOS huko). Yafuatayo nimeyapanga kwa dalili, na ndani ya kila dalili sababu ya kawaida inatangulia.

## Ramani kwanza

Prosesa ya 8086 ilikuwa na nyaya 20 za anwani, kwa hiyo DOS huona MB 1 tu, hata ukiweka RAM kiasi gani. KB 640 za chini ndizo kumbukumbu ya kawaida, humo ndimo programu hukaa. KB 384 zilizobaki ndizo eneo la juu, na tayari lina wenyewe (anwani zimeandikwa kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16):

A000-AFFF: picha za VGA
B000-B7FF: maandishi ya skrini ya rangi moja
B800-BFFF: maandishi ya skrini ya rangi
C000-C7FF: BIOS (programu iliyo ndani ya chipu) ya kadi ya VGA
C800-DFFF: kadi za ziada, au pengo tupu
E000-EFFF: pengo kwenye mashine nyingi za zamani, BIOS kwenye IBM PS/2 na kwenye mashine nyingi za PCI
F000-FFFF: BIOS ya mashine yenyewe

EMM386 hutafuta mapengo, huyajaza RAM, kisha DOS hupandisha madereva huko. Ikidhani mahali ni patupu kumbe kuna kadi, unapata kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili: kila mmoja anajenga usiku na kubomoa cha mwenzake. Karibu matatizo yote ya hapa chini yanatoka hapo.

Hesabu ya kukumbuka: 0100 ni KB 4, 0400 ni KB 16, 1000 ni KB 64. Kwa hiyo D000-D3FF ni KB 16, na C800-DFFF ni KB 96.

## Kabla ya kugusa chochote

Tengeneza disketi ya kuwashia: FORMAT A: /S, kisha nakili humo CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT (faili mbili ambazo DOS huzisoma inapowaka), HIMEM.SYS, EMM386.EXE, KEYB.COM, KEYBOARD.SYS na EDIT.COM. Kwenye MS-DOS 5 hadi 6.22, EDIT haifunguki bila QBASIC.EXE, kwa hiyo hiyo nayo iende. Ijaribu disketi hiyo kweli. Disketi iliyokaa miaka mitano kwenye droo yenye vumbi si akiba.

Kwa MS-DOS 6 na kuendelea, bonyeza F5 mara mstari wa kuanza kwa MS-DOS unapotokea, mashine itaruka CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT zote. F8 hukuuliza mstari kwa mstari. Sasa angalia kitu ambacho kimewatesa watu wengi kwenye kibodi zetu za AZERTY: ukipita kwa F5, KEYB haijapakiwa, kwa hiyo mashine inadhani kibodi ni ya Kimarekani. Ukiandika MEM, haitokei MEM. Herufi M iko kwenye kitufe cha mkato, kulia kwa N. A na Q zimebadilishana, vivyo hivyo Z na W. Nukta mbili ni Shift pamoja na kitufe cha M. Nukta iko kwenye kitufe cha nukta mbili. Mkwaju wa / uko kwenye kitufe cha alama ya mshangao. Na ule mkwaju wa kurudi nyuma uko kwenye kitufe cha nyota. Namba huandikwa bila Shift. Andika haya kwa kalamu na uyabandike pembeni ya skrini, kwa maana siku utakayoyahitaji hutakuwa na utulivu wa kuyatafuta.

## Dalili: “kumbukumbu haitoshi” ingawa RAM ipo tele

Hapa ndipo wengi wanapokimbilia EMM386. Subiri kwanza.

Andika MEM /C /P (kwenye DOS 5 andika MEM /C | MORE). Mwishoni kuna ukubwa wa programu kubwa kuliko zote inayoweza kuendeshwa. Iandike. Kisha tafuta programu yako inataka KB ngapi. Iko kwenye kitabu chake au kwenye ujumbe wenyewe wa kosa. Toa moja kwa nyingine. Pengo la KB 12 na pengo la KB 70 yana dawa tofauti kabisa, na asiyejua pengo lake ni lipi hana sababu ya kubadilisha chochote.

Sababu, kuanzia ya kawaida zaidi:

DOS yenyewe imekaa chini. Angalia kama CONFIG.SYS ina DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS na DOS=HIGH. Mistari hii miwili hupeleka sehemu kubwa ya DOS juu ya MB 1, kwenye zile karibu KB 64 zinazoitwa HMA, na hurudisha zaidi ya KB 40 chini. Haigusi eneo la A000 hadi FFFF, kwa hiyo haiwezi kugombana na kadi yoyote humo. Kwa mashine ya mizani, mara nyingi kazi inaishia hapa.

Kuna madereva yasiyo na kazi. Dereva wa panya kwa programu isiyojua panya. MSCDEX na dereva wa CD kwenye mashine ambayo CD yake ilikufa zamani. DISPLAY.SYS iliyowekwa na aliyesanidi mashine kwa Kifaransa, ingawa programu haionyeshi herufi zenye alama. Weka REM mbele ya mstari ili DOS iuruke, washa upya, pima tena. Kama panya anahitajika, CTMOUSE hukaa kwenye takriban KB 3, wakati madereva mengi ya zamani hula mara kadhaa ya hapo. Kubadilisha dereva ni salama kuliko kubadilisha msimamizi wa kumbukumbu.

BUFFERS (bafa, nafasi za muda za data ya diski) ni nyingi mno. DOS ikiwa juu, bafa nazo huenda HMA, lakini zikizidi nafasi iliyopo zote hushuka kwenye kumbukumbu ya kawaida. Kila moja ina zaidi ya baiti 500. BUFFERS=20 inatosha kama SMARTDRV, programu ya akiba ya diski, ipo.

Eneo la juu limeombwa lakini halikufunguliwa. Utaona DEVICEHIGH na LOADHIGH (amri za kupandisha madereva juu) kila mahali, na bado MEM inaonyesha kila kitu chini. DOS hailalamiki, hupakia chini kimya kimya. Angalia mambo matatu: HIMEM itangulie EMM386; mstari wa EMM386 uwe na neno NOEMS au RAM, kwani bila mojawapo hutoa EMS (aina ya zamani ya kumbukumbu ya ziada) peke yake bila nafasi ya juu; na DOS=HIGH,UMB iwepo (UMB ndizo hizo nafasi za juu), si DOS=HIGH peke yake.

Programu inataka EMS. Baadhi ya programu za hesabu za mwisho wa miaka ya 1980 hutumia kumbukumbu ya EMS, na ujumbe wao wa kosa hausemi wazi. Hapo NOEMS ndiyo iliyokuua. Badili iwe RAM, ukijua kwamba fremu ya EMS itameza KB 64 za eneo la juu.

Dereva mmoja anagoma kupanda. Madereva mengine huhitaji nafasi kubwa wakati wa kupakiwa kuliko yanapotulia. Linganisha ukubwa wake na pengo kubwa zaidi la juu ambalo MEM /C inalionyesha mwishoni. Dawa ya kawaida ni kupanga upya: anayehitaji nafasi kubwa apande kwanza.

Kama umepita yote hayo na pengo bado lipo, sasa ndiyo, weka EMM386, kwa umbo lake rahisi kuliko yote:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB

Pima. Imetosha? Acha hapo hapo. Haikutosha, ongeza I=B000-B7FF, inayoleta KB 32 za eneo la skrini ya rangi moja ambayo huna. Baadhi ya kadi za SVGA hutumia eneo hilo, kwa hiyo jaribu kila skrini ya programu, hasa zile za grafu. I=E000-EFFF, yenye KB 64 za kuvutia, iwe ya mwisho, na isijaribiwe kabisa kwenye PS/2 wala kwenye mashine za PCI kabla ya kuangalia kwa MSD (programu ya uchunguzi ya Microsoft) kama BIOS haijakaa hapo.

Namba kubwa ya kumbukumbu huru haileti faida yoyote yenyewe. Mashine yenye KB 575 huru inayoendesha programu inayotaka KB 560 imemaliza kazi yake. Kuitafutia KB 620 ni kununua matatizo.

## Dalili: mashine inaganda inapowaka, mara baada ya EMM386

Washa kwa F8, ukubali kila mstari isipokuwa EMM386. Kwenye DOS ya Kifaransa utajibu O au N. Ikiwaka vizuri, tatizo liko kwenye mstari huo. Ikiganda hata hivyo, ondoka kwenye ukurasa huu. Tatizo lako liko kwingine, na RAM yenyewe iangaliwe kwanza.

Jaribio linalofuata linakata shauri:

DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS X=A000-F7FF

Hapa unamwambia EMM386 aache karibu eneo lote. Hutapata nafasi ya juu, lakini utajua. Ikiwa bado inaganda, mgogoro hauhusu anwani: inawezekana ni BIOS, RAM mbovu, au prosesa isiyovumilia hali ya 8086 bandia ambayo EMM386 huitumia. Hapo mashine hiyo na EMM386 haziendani, ishi na HIMEM peke yake.

Ikitulia, gawanya. Weka X=D000-DFFF na uache C800-CFFF wazi. Ikitulia, mkosaji yuko ndani ya D000-DFFF: funga nusu ya kwanza ya eneo hilo na ufungue nusu ya pili. Endelea kukata kwa nusu hadi ufikie KB 16 au 8. Kwa kawaida utampata mkosaji mahali panapotabirika: C800 ni makao ya zamani ya BIOS za kadi za diski ngumu za MFM, kadi ya diski ya SCSI ya Adaptec 1542 hukaa DC00 ikiwa haijabadilishwa, kadi za mtandao zenye kumbukumbu yao, kama WD8003, hupenda D000. Kadi ya NE2000 haina hatia katika kesi hii, kwani yenyewe hutumia milango ya kuingiza na kutoa data kuanzia 300 na haigusi eneo la juu, labda iwe na chipu ya kuwashia kutoka mtandaoni.

Kama mstari una HIGHSCAN, uiondoe kabla ya majaribio yote. MemMaker, programu ya MS-DOS 6 inayopanga kumbukumbu yenyewe, huiweka ukiiruhusu kutafuta kwa nguvu, na kuna mashine zinazoganda kwa sababu hiyo tu.

Jambo moja ambalo vitabu havilisisitizi: MemMaker huandika DEVICEHIGH zenye /L:1 au /L:2, yaani inachagua kanda kwa namba. Ukiongeza X au I, namba za kanda hubadilika, na madereva huenda pasipo mahali pake au hushuka chini. Baada ya kubadilisha mipaka, futa hizo /L zote au endesha MemMaker upya. Na ikiwa MemMaker ndiyo iliyoharibu, MEMMAKER /UNDO hurudisha faili za zamani.

## Dalili: imefanya kazi miaka yote, leo imegoma, na hakuna aliyegusa

Swali langu la kwanza hapa ni saa. Andika DATE. Ikionyesha mwaka 1980 au tarehe ya kutengenezwa kwa BIOS, betri imekufa. Umeme ukikatika usiku, BIOS husahau mipangilio yake na kurudi ya kiwandani, na pamoja na mengine hurudisha ile nakala ya ROM ndani ya RAM kwenye C800 hadi DFFF ambayo fundi wa kwanza aliizima. Pengo ambalo EMM386 alilitumia jana leo lina mwenyewe. CONFIG.SYS haikubadilika hata herufi, ndiyo maana mwenye mashine anaapa hakuna aliyegusa, na anasema kweli.

Ingia kwenye BIOS, zima nakala za maeneo hayo, hifadhi, washa upya. Kisha betri. Kama ni ya duara ya CR2032, badilisha. Kama ni ile ya pipa iliyochomelewa kwenye bodi, iangalie kwa tochi: ukiona unga wa kijani au mweupe na nyaya za bodi zimeliwa, zima mashine na usiiwashe tena. Iende kwa anayejua kuchomelea bodi, kwa sababu alkali iliyovuja kwenye betri inaendelea kula hata mashine ikiwa imelala.

Sababu ya pili, ya msimu wa kiangazi, ni vumbi letu jekundu kwenye sloti za ISA. Toa kadi, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli na kitambaa kikavu, irudishe mpaka ikae sawa. Kadi iliyolegea huonekana na EMM386 siku moja na siku nyingine haionekani, na hapo utabadilisha mistari mpaka uchoke.

## Dalili: mizani inapoteza herufi baada ya kuweka EMM386

Uzito wa lori unasomwa kilo 4320 badala ya 43 200. Kabla ya kulaumu kumbukumbu, angalia waya wa COM1, skrubu za plagi zake, na ardhi ya umeme ya kibanda; wakati wa mvua za Novemba hadi Machi hizo ndizo sababu nyingi zaidi.

Kama kweli tatizo lilianza siku EMM386 ilipowekwa, maelezo yapo. EMM386 huiweka prosesa katika hali ya 8086 bandia, na kila ombi la kifaa la kukatiza kazi ya prosesa (interrupt) linachelewa kidogo. Chipu ya zamani ya mlango wa COM, 8250 au 16450, hushika baiti moja tu. Ikija ya pili kabla ya ya kwanza kuchukuliwa, moja imepotea. Chipu ya 16550 ina nafasi ya baiti 16 na huvumilia. MSD hukuonyesha una ipi.

Dawa, kwa mpangilio: punguza kasi kutoka biti 9600 hadi 2400 kwa sekunde pande zote mbili, kama kiashiria cha mizani kinaruhusu, weka kadi yenye 16550, au ondoa EMM386 na utafute KB zako kwa njia za dalili ya kwanza. Mimi kwa mizani huchagua hiyo ya tatu bila kusita. Kibanda cha mizani kina programu moja, na tiketi ya lori ni fedha ya watu.

Ukigundua uzito uliosomwa vibaya tayari umeingia kwenye tiketi zilizotolewa, simamisha mizani. Hilo linakwenda kwa mkuu wa kituo na kwa fundi wa mizani, na wewe wa kompyuta hupaswi kulirekebisha kimya kimya.

## Dalili: kadi ya chombo cha maabara inatoa matokeo ya ajabu

Kuganda ni bahati. Mbaya zaidi ni kadi inayoendelea kufanya kazi na kutoa namba zinazokaribia ukweli, kwa sababu nusu ya bafa yake imefunikwa na RAM ya EMM386.

Soma swichi ndogo au jampa za kadi, au kitabu chake, upate anwani ya kumbukumbu. Ikiwa ni D000 na ukubwa wa KB 16, andika X=D000-D3FF. Hujui ukubwa? Acha nafasi pana, X=D000-DFFF. Utapoteza KB 64, lakini huwezi kuchezea sampuli ya mteja. Kisha pima sampuli ya kulinganishia yenye thamani inayojulikana, mara moja bila EMM386 na mara moja nayo. Namba zisipolingana, EMM386 iondoke, na matokeo yaliyotolewa tangu mabadiliko hayo yapitiwe na mkuu wa maabara.

Mashine inayoongoza tanuru, pampu au chochote kinachoweza kuchoma au kukata mtu isiguswe kabisa ikiwa kazini. Mpigie aliyekiweka chombo hicho.

## Dalili: makosa ya diski, faili zilizoharibika

Acha kuandika kwenye diski mara moja. Washa kwa disketi, na utumie CHKDSK bila /F au SCANDISK /CHECKONLY, zote hutazama tu bila kurekebisha.

Sababu kuu ni kadi za SCSI za ISA zinazohamisha data zenyewe bila prosesa. EMM386 ikishahamisha kurasa, anwani ambayo DOS inaiona si ile ya kweli, na kadi huandika mahali pengine. Andika SMARTDRV peke yake na utazame safu ya bafa: ikisema ndiyo kwa diski yoyote, CONFIG.SYS inahitaji mstari DEVICE=C:\DOS\SMARTDRV.EXE /DOUBLE_BUFFER. Mstari huu hutumia DEVICE, si DEVICEHIGH.

Diski za IDE kwa kawaida hazina ugonjwa huu. Ukiona makosa kwenye IDE, mshuku waya, umeme, au diski yenyewe inayozeeka. Tatizo likiwa kwenye disketi tu, jaribu D=64 kwenye mstari wa EMM386.

Kama data ni nakala pekee, usirekebishe. Toa diski, ipeleke kwa mtu atakayeinakili yote kwenye mashine nyingine kwanza. SCANDISK inayorekebisha juu ya mgogoro wa kumbukumbu huandika uharibifu mpya kwa nia njema.

## Dalili: EMM386 inasimamisha mashine na namba 06, 12 au 13

Namba 06 ni amri ambayo prosesa haiijui, 12 ni rundo lililovuka mpaka, 13 ni kuvunja ulinzi. Mara nyingi EMM386 ni mleta habari tu: programu imepotea njia, na bila yeye ingeganda kimya.

Ikitokea kwenye programu moja tu na kwa hatua ile ile, ni programu, au dereva mmoja aliye juu asiyependa kuwa juu. Shusha madereva mmoja mmoja, LOADHIGH ikiondolewa, mpaka litoweke. Ikitokea ovyo, kila mara mahali tofauti, shuku RAM: badilisha nafasi za vipande, safisha meno, jaribu kimoja kimoja. Programu inayoingia yenyewe katika hali ya ulinzi huenda ikagombana na EMM386. Hiyo ipe njia yake ya kuwashia bila EMM386, kama nitakavyoonyesha chini.

## Dalili mbili ndogo

Windows 3.1 inagoma kuingia hali ya 386: andika WIN /D:X. Ikikubali, mgogoro uko eneo la juu; weka EMMExclude= pamoja na anwani husika kwenye sehemu ya [386Enh] ya SYSTEM.INI. Na kama ulitumia I=B000-B7FF, Windows inahitaji pia mstari device=monoumb.386 hapo hapo.

Programu ya zamani inadai faili yake iliyofungashwa imeharibika, tangu ulipoweka DOS=HIGH: faili ni nzima. Programu hizo hazipendi kupakiwa ndani ya KB 64 za kwanza, ambazo sasa ziko wazi. Andika LOADFIX kisha jina la programu. Hapa una kumbukumbu nyingi mno.

## Njia mbili za kuwashia, mashine moja

Kwa MS-DOS 6 kuna menyu, nami ningependa kila mashine inayotumia EMM386 iwe nayo:

[MENU]
MENUITEM=KAZI
MENUITEM=JARIBU
MENUDEFAULT=KAZI,10
[COMMON]
DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
FILES=40
BUFFERS=20
[KAZI]
DOS=HIGH
[JARIBU]
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB

Mabadiliko yote yafanywe ndani ya JARIBU. KAZI ibaki kama ilivyo, ili karani wa asubuhi, umeme ukirudi, aiwashe mashine bila kukuita. AUTOEXEC.BAT inajua chaguo kupitia %CONFIG%, kwa hiyo GOTO %CONFIG% hutenganisha na huko.

Wanaotumia FreeDOS, ile DOS huria, watakuta JEMMEX, inayounganisha kazi za HIMEM na EMM386 katika faili moja; X na I zinafuata kanuni ile ile, na X=TEST huiagiza ichunguze eneo kabla ya kulichukua. Usimpakie JEMMEX pamoja na EMM386 wa Microsoft.

## Ukifika kwa fundi

Ukishafika penye betri iliyovuja, diski yenye nakala pekee, chombo kinachopima fedha au afya ya mtu, au harufu ya kuungua, weka bisibisi chini. Boksi la umeme la kompyuta usilifungue hata likiwa limechomolewa, kondensa zake hubaki na chaji. Unapopeleka mashine, nenda na karatasi yenye haya: CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT kama zilivyokuwa kabla ya kugusa, matokeo ya MEM /C, orodha ya kadi zilizomo na jampa zake, na KB ambazo programu inazitaka. Hiyo ya mwisho wateja ndiyo wanayoisahau, na fundi hawezi kuibuni.